Shikamoo Iliyobaki Mdomoni

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye daladala, mwombe dereva aongeze sauti. Jioni hii nataka kukusimulia jinsi nilivyonyang'anywa shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa theolojia, mwaka wa tatu, pale Makumira, jirani na Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Kwetu ni Machame, juu, migombani. Desemba iliyopita chuo kilipofunga nilipanda Coaster ya Moshi, imejaa hadi mlangoni kama kawaida ya Desemba, Wachaga tunarudi nyumbani kuhesabiwa. Kondakta alikuwa kijana wa rika langu, kofia kaigeuza nyuma, mdomo wake hauna breki. Mimi nimebanwa mlangoni, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine umefungua daftari la Kiyunani ili safari isiende bure. Akachungulia zile herufi. "Hizi ni za wapi, kaka?" Nikamwambia ni Kiyunani, ndiyo lugha iliyoandikiwa Agano Jipya. Matusi yakakatika palepale. Akamgeukia kijana wa kiti cha mbele: "Wewe, simama, mchungaji akae."

Nikakaa. Miguu ilikuwa inauma, nisikudanganye. Ila nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba kiti kile na lile jina vilikuja pamoja, na mimi nilivipokea vyote kwa mkupuo.

Njia panda ya Machame nikashuka, nikapanda bodaboda mpaka karibu na nyumbani. Pale dukani, kwenye kona, alikuwa amekaa bibi mmoja ambaye ni rika la marehemu bibi yangu. Huyu bibi nikiwa darasa la tatu alinichapa kwa ufito wa mbuni kwa sababu ya maparachichi yake manne. Ninampenda sana. Nikaweka begi chini, nikavua kofia, nikainama, shikamoo imefika kwenye ulimi. Akaniwahi. Akainuka, mzee yule, kwa kujishika kiti, akasema: "Bwana Yesu asifiwe, mchungaji!"

Sasa hapo utajibu nini? Jibu ni moja, "Amina." Na ukishasema Amina huwezi tena kurudi nyuma ukaleta shikamoo, inakuwa kama kupiga hodi ukiwa umeshaketi. Ikabaki mdomoni, nikaimeza.

Naomba unielewe. Shikamoo ni salamu, lakini pia ni mahali pa kukaa. Anayeitoa yuko chini, na huko chini kuna raha zake. Unatumwa chumvi dukani. Unasemwa, na kesho yake unasamehewa. Unawekewa nyama kwenye sahani bila kuulizwa neno la leo ni lipi. Ukishaitwa mchungaji, wazee wanaanza kuinuka ukipita, na wewe mtihani wa Kiebrania bado hujaufaulu.

Na mimi si mchungaji! Nimalize masomo kwanza. Halafu dayosisi inipeleke usharikani nikafanye kazi chini ya mchungaji mwenyewe, wanaita uvikari. Halafu wakiridhika, na wakiridhika ni neno zito, ndipo askofu aniwekee mikono. Leo hii sina stola, sina kola, siwezi kufungisha ndoa wala kugawa Chakula cha Bwana. Nina daftari la Kiyunani na deni la stationery. Lakini nyumbani nani anataka maelezo? Baba mkubwa wangu ndiye bingwa wao. Yeye ananiita mchungaji kwa sauti ambayo hata ng'ombe wa jirani anageuka.

Pale kijiweni kuna wenzangu tuliopata kipaimara siku moja. Nilipowakaribia walikuwa kwenye kisa kizuri, nilisikia kicheko tangu mbali. Nilipofika kikakatwa. Mmoja akaweka kata ya mbege nyuma ya mguu wake, eti mimi sijaona. Wakaanza kuniuliza habari za masomo, kwa adabu, kama watu waliokutana na afisa wa mkopo. Nikakaa dakika kumi nikaondoka, na sikufika hatua ishirini kicheko kikaanza upya. Mpaka leo sijui kile kisa kiliishaje.

Halafu sala. Chakula kikija, macho yote kwangu. Binamu kanunua pikipiki, niiombee. Kreti za soda zimeshushwa kwa ajili ya ubatizo, niziombee. Siku moja shemeji yangu alinipigia simu nikiwa maktaba, nimwombee mwanawe anayefanya mtihani, na nilipomaliza akaniambia, "Sasa mwombee na baba yake, alete ada."

Nyumba moja tu haikubadilika, nayo ni ya mama.

Nilipoingia uani alikuwa amepiga magoti anakatakata mgomba kwa panga, vipande vinarukia pembeni. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Ah, msikilizaji, ilikuwa kama kupewa maji ya kunywa. Hakuinuka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Umekonda. Vua hilo shati, ng'ombe hajala."

Kama hujafika kwetu nikueleze jambo moja. Mlimani kule ng'ombe hachungwi. Ardhi ni ya vihamba, migomba na kahawa vimebanana mpaka ukingo wa mfereji, hakuna uwanda wa kupitisha mnyama. Ng'ombe anakaa zizini, amefungwa, mwaka mzima. Kinachotembea ni majani. Yanakatwa mbali, mengine huko chini tambarare, yanapanda mlima juu ya kichwa cha mwanamke. Mama amepandisha majani hayo tangu kabla sijazaliwa. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na ng'ombe mmoja yule, pamoja na ndizi zinazokwenda soko la Kwa Sadala, ndivyo vilivyonimalizia shule.

Kwa hiyo mtu akimwambia mama kwamba mwanawe amekuwa mchungaji, anauliza kwa upole, "Anachunga nini?" Si kwamba hana imani. Tangu mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame, ukoo wetu haujakosa mtu kanisani, na yeye bahasha yake ya ahadi haijawahi kurudi tupu. Ila maneno anayapima kwa mikono. Kwake mchungaji hawezi kuitwa hivyo kabla mzigo haujamkaa kichwani.

Basi nikabeba panga na kamba. Na kwa kuwa Januari kulikuwa na mtihani unanisubiri, nikawa nakariri njiani. Wanafunzi wengi wa Kiyunani wanaanza na kitenzi kile kile, luo, maana yake ninafungua. Luo, ninafungua. Lueis, unafungua. Luei, anafungua. Luomen, luete, luousi: tunafungua, mnafungua, wanafungua. Sisi wa Kiswahili hapo tuna unafuu ambao rafiki zetu wengine hawana, maana tumezoea kumfungia mtendaji ndani ya kitenzi. Tofauti ni kwamba sisi tunamtia kichwani, Myunani anamtia mkiani. Nilipomweleza mama, alifikiri kidogo, mzigo wa majani ukiwa kichwani mwake na shingo haitikisiki, akasema, "Sasa huko mkiani utajua saa ngapi nani kafungua? Mpaka neno liishe?" Mwalimu wangu nilipompelekea swali hilo alicheka mpaka akavua miwani.

Na kinachonifurahisha kuhusu kitenzi hiki ni kwamba ndicho kinachotumika Yesu anapoagiza Lazaro afunguliwe sanda, na ndicho hicho hicho kwa mwanapunda aliyefungwa mlangoni, wale wanafunzi walipotumwa wakamlete. Aliyekuwa maiti na mnyama, kitenzi kimoja. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Nilikuwa nalikumbuka kila nilipofungua kamba ya majani.

Wengi mnaniuliza Makumira tunafanya nini mchana kutwa, kama vile tumekaa tumefumba macho. Tunaamka alfajiri, baridi ya Meru inakata masikio, tunaingia ibadani. Tunasoma historia, lugha, namna ya kuhubiri, namna ya kumzika mtu na namna ya kukaa na waliobaki. Tunakula ugali na maharage kwa idadi ambayo sitaitaja hewani. Tunaimba sana. Chuo kilianzia Lwandai, milima ya Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira 1954, na kwenye miaka ya 1960 mmisionari Mmarekani, Howard Olson, aliyekuwa akifundisha pale, aliwahimiza wanafunzi walete tuni za makwao zipewe maneno ya Kikristo. Kabla ya hapo tulikuwa tunaimba za Wajerumani, polepole, kama tunasukuma kabati. Mwanafunzi mmoja wa wakati ule, Bernard Kyamanywa, akaandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya. Leo umo ndani ya kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, namba 116. Wao walituletea tuni, sisi tukawarudishia moja, na wanaipiga kwa kinanda kikubwa. Wenzangu wakiona nimeanza hadithi hii huwa wanatoka chumbani, kwa hiyo niishie hapo.

Nina mke na mtoto, sijui kama nilisema. Tumepanga vyumba viwili pale Usa River. Mke wangu anafundisha shule ya awali, na mtoto wetu wa kike ana miaka minne. Huyu mtoto ana kanisa lake. Jioni anazikusanya kandambili zote za nyumba, na za wapangaji wenzetu, anazipanga safu safu kwenye korido. Hao ndio waumini. Yeye anavaa khanga ya mama yake mabegani. Mahubiri yake ni mafupi, ila matangazo hayaishi: sadaka ya jengo bado, kwaya ya vijana ibaki, nani kaacha gari limeziba njia. Kuna ndala moja ya kushoto, ya baba mwenye nyumba, kila siku anaikemea kwa kusinzia. Siku niliyojaribu kumsahihisha kwamba sadaka haichangwi mara nne katika ibada moja, aliniambia nikae kwenye mstari wangu. Mstari wangu uko kati ya raba na yeboyebo.

Usiku akishalala tunabaki na mke wangu mezani, mimi nasoma, yeye anasahihisha madaftari. Mwaka jana tulikuwa na somo la matengenezo ya Kanisa. Nikamsomea habari za nyumba ya Luther kule Wittenberg. Luther alikuwa mtawa, Katharina von Bora naye alikuwa mtawa aliyetoroka, wakaoana tarehe 13 Juni 1525. Wakapewa jengo la zamani la watawa, kubwa, baridi. Katharina akaligeuza. Akaweka wanafunzi wa kulipa, akafuga nguruwe na ng'ombe, akalima, akanunua shamba, akatengeneza bia mwenyewe. Watoto wakazaliwa sita, wawili wakafa: mmoja mchanga, mwingine, Magdalena, akiwa na miaka 13, mwaka 1542. Wakati wa kula Luther anaongea, wanafunzi wanaandika, na yale maandishi yakaja kuchapishwa kitabu mwaka 1566, miaka ishirini baada ya kifo chake. Luther alikuwa akimwita mkewe kwa utani "Bwana Katharina", kama anavyoitwa bwana shamba.

Mke wangu akaweka kalamu chini. "Hiyo bia yake," akaniuliza, "na mbege ambayo vijana wa kwenu wanakuficha nyuma ya miguu, tofauti ni nini?"

Nikaanza kumweleza mambo ya mazingira ya karne ya 16. Akaniangalia tu. Nikaacha. "Na tena," akasema, "mimi niite Bwana pia, kuanzia kesho. Kodi ya nyumba nani analipa?" Wiki nzima nilimwita Bwana mbele ya watu, wapangaji wakadhani tumegombana.

Turudi Machame. Siku mbili kabla ya Krismasi kulikuwa na kikao cha ukoo. Baba mkubwa na baba mdogo walikuwa hawasalimiani tangu Pasaka kwa sababu ya mpaka. Mmoja kasogeza, mwingine anasema hakusogeza, ulikuwa umesogea wenyewe. Ni hatua mbili za migomba, msikilizaji, ila kwetu hatua mbili ni mirathi. Baba mkubwa akasema, "Tunaye mchungaji humu ndani, aseme yeye." Wakanigeukia wote.

Nikasema. Nilisema kwa dakika ishirini, Mungu anisamehe. Nilileta upatanisho, nilileta mwana mpotevu, nilileta na Kiyunani kidogo. Nilipomaliza, baba mdogo akashukuru kwa mahubiri mazuri, halafu akaendelea pale alipokuwa ameachia: "Sasa huo mgomba wa pili nani aliupanda?"

Yule bibi wa maparachichi alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda. Akatoka bila kuaga. Akarudi ameshika jani moja la isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Wewe wa pwani au wa kanda ya ziwa huenda ukaliona ni pambo la maua. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na isale halikataliwi. Ukilikataa, ulilonalo tena si kesi ya mpaka, ni kesi na waliokufa na watakaozaliwa. Akamkabidhi baba mdogo lile jani mkononi, hakumwambia kitu, akamsukuma kidogo mgongoni kama mtoto anayepelekwa kwa daktari wa meno. Baba mdogo akavuka ule uwanja wa hatua nne. Baba mkubwa akalitazama jani muda mrefu sana. Mate yakamkauka, nilimwona anavyomeza. Akalipokea.

Mpaka ukarudi mahali pake siku hiyo hiyo, mgomba wa pili ukagawanywa ndizi.

Niliporudi chuo nilikwenda maktaba kumtafuta Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Moshi ya juu miaka mingi na kuandika kitabu kinene cha sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926. Yeye alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vitu ambavyo Kanisa lisimame juu yake, lisivibomoe. Wenzake wengi walimwona anazidisha, na mimi kuna mahali namwona anazidisha, maana ukoo nao unajua kumkandamiza mtu, hasa mwanamke. Lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa na shahada nusu, na bibi ndiye aliyekuwa na jani.

Jumapili iliyofuata Krismasi mchungaji wetu wa usharika akanipa mimbari. Nilihubiri, watu walisikiliza, mtoto wangu, aliyekwisha kufika na mama yake, alipunga mkono kutoka benchi la tatu. Nadhani nilitaja Kiyunani mara tatu. Mama anasema mara saba. Hayo yaliisha salama. Balaa lilikuwa nje.

Unajua mnada wa baada ya ibada. Waliokosa fedha wameleta mali: trei la mayai, jogoo kafungwa miguu, maziwa kwenye kidumu, mahindi. Mzee wa kanisa anasimama kwenye ngazi anainua kimoja kimoja. Ukafika mkungu wa mshare, mkubwa, umenona, na kila mtu akajua umetoka kwa mama yangu. Ukaanzia elfu tano. Sita. Saba. Ndipo baba mkubwa, kwa sauti ile ya kugeuza ng'ombe: "Mchungaji wetu anasema elfu kumi na tano!"

Mchungaji wao hakusema kitu. Mchungaji wao mfukoni alikuwa na nauli ya watu watatu kurudi Usa River. Lakini watu wameshapiga vigelegele, mnadishaji ameshasema Bwana akuzidishie, na mtu wa pembeni, kwa upendo kabisa, akaipandisha hadi elfu kumi na nane kwa niaba yangu tena. Nikalipa. Nikaunyanyua mkungu ule begani, nikaubeba mlima mzima kutoka kanisani, nikaurudisha kwenye kihamba kile kile ulikokatwa asubuhi, hatua kama thelathini kutoka kwenye shina lake.

Mama alikuwa ametangulia, amekaa mlangoni. Akautazama ule mkungu. "Umehubiri vizuri," akasema. "Ila hizi ndizi ungeniomba tu." Nauli ya kurudi alinipa yeye.

Usiku wa kuamkia siku tuliyopanga kuondoka, ng'ombe akashikwa na uchungu. Mama akaniamsha kwa kugonga ukuta. Nikatoka na tochi ya simu, mke wangu nyuma yangu na maji ya moto, mtoto naye kaamka kaja na blanketi analiburuta. Miguu miwili ya mbele ilikuwa imetokeza na kichwa kimekwama. Ng'ombe amelala, anatoa sauti ambayo sijui nikuelezeje hewani. Nikasimama pale, nikasema, "Mama, tuombe kwanza."

"Omba unavuta," akasema mama.

Akanipa kamba, nikaifunga kwenye kwato zile ndogo, zinateleza kama sabuni. Yeye kaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anapapasa kichwa, anahesabu kwa Kimachame. Akisema sasa, navuta. Akisema acha, naacha. Jasho linaniingia machoni kwenye baridi ile ya juu. Sikumbuki niliomba maneno gani. Ghafla ndama akateleza mzima kwa mara moja, nikaanguka chali kwenye majani niliyoyakata mwenyewe, ndama kifuani. Hakuwa anapumua. Mama akampukusa kamasi puani kwa unyasi, akamsugua mbavu kwa gunia, akampulizia. Ndama akapiga chafya.

"Fungua miguu," mama akaniambia. Vidole vinatetemeka, fundo limelowa, mate na damu, halifunguki. Nikajikuta nasema kwa sauti, bila kufikiri, luo, lueis, luei. Mtoto akaanza kucheka kwa sababu wimbo huo anaujua, ananisikia kila asubuhi nikinyoa ndevu. Fundo likaachia. Asubuhi tulipouliza ndama aitwe nani, ni jike, mtoto alikuwa na jibu tayari: Lueisi. Mama akalijaribu mdomoni mara mbili, akasema sawa, ni jina zuri kuliko Januari. Sisi kwetu majina ya ng'ombe ni ya mwezi mara nyingi.

Basi nikarudi chuo, nikafanya mtihani wa Kiyunani. Swali la kwanza unalijua lilikuwa kitenzi gani.

Sasa juzi Jumanne, mwisho wa kipindi cha asubuhi, simu ikaita. Ni mama. Nikampa shikamoo, akasema marahaba, sauti imekauka. "Huyu Lueisi wenu," akasema, "kafungua kamba."

Nikaanza kumweleza kwamba kwa Kiyunani ndivyo hasa jina linavyosema, lueis, wewe unafungua. Akaniacha nimalize. Halafu akasema ndama amevuka mpaka usiku, amekula mnafu wote wa baba mkubwa, tuta kwa tuta, na akalala katikati ya bustani mpaka kumekucha. Baba mkubwa amekuja uani, hakukaribia kiti, hakunywa chai. Yeye mama amekwenda asubuhi kumwomba radhi, lakini mzee anamtaka mwanamume wa nyumba.

"Jumamosi upande," akasema.

Nikamwuliza nije na nini, nitafute fedha kidogo? Akasema fedha za mnafu atazitoa yeye kwenye maziwa. "Isale lipo pale mpakani, utachuma ukipita." Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. "Na umwamkie vizuri. Leo hii kakutaja kwa jina lako la nyumbani, mara mbili. Shikamoo yako ataipokea."